Mzee aliyevunjika nyonga asiruhusiwe kwa kalenda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua ili nimuunge mkono kwa sehemu, na kwa sehemu nimpinge, msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni akilalamika kwamba wazee waliofanyiwa upasuaji wa mifupa wanakaa wodini muda mrefu kupita kiasi, huku majeruhi wa bodaboda wakilazwa chini kwa kukosa vitanda. Kuhusu vitanda amesema kweli. Vijana hao nimewaona kwa macho yangu, mguu umefungwa plasta, kichwa kiko chini ya kitanda cha mgonjwa mwingine. Ila aliposema kwamba mzee akishawekewa vyuma kazi imekwisha, na kilichobaki ni kidonda kukaukia nyumbani, aligusa jambo ambalo limenikaa kooni tangu mwaka jana, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi si daktari. Nimefundisha hisabati katika shule za sekondari za mkoa huu wa Tabora hadi nilipostaafu, na ninayoyaandika nimeyapata kwa njia mbili: kumuuguza shangazi yangu, na kusoma takwimu zilizochapishwa na wataalamu wa nchi zinazohesabu wagonjwa wao vizuri. Nitaanza na shangazi, kwa kuwa bila yeye takwimu hizo nisingezitafuta.

Alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba yangu, mwenye umri wa miaka 78 kwa hesabu ya familia, akiishi kijijini katika Wilaya ya Sikonge. Jioni moja ya masika aliteleza akitoka bafuni. Hakuanguka kutoka juu ya kitu chochote. Alianguka akiwa kwenye miguu yake mwenyewe, akaangukia ubavu wa kulia, na alipojaribu kuinuka mguu ukakataa. Waliomwinua walisema mguu ule ulionekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo ulikuwa umegeukia nje, jambo ambalo baadaye niliambiwa kuwa ndiyo alama ya nyonga iliyovunjika, na kwamba hata mtu asiyejua kusoma anaweza kuitambua akishaelekezwa mara moja. Siku mbili za kwanza alikandwa kwa maji ya moto na kufungwa vijiti na mzee mmoja wa jirani anayesifika kwa kuunga mifupa. Simlaumu mzee huyo, kwa sababu mkono wangu wa kushoto aliuunga yeye nilipoanguka kwenye mwembe nikiwa darasa la tatu, na mpaka leo ninabebea ndoo. Lakini nyonga si mkono. Shingo ya mfupa wa paja imejificha ndani kabisa, haifungiki kwa vijiti, na mara nyingi ikivunjika hukatika pia mishipa midogo ya damu inayolisha kichwa cha mfupa huo.

Tulimpeleka katika hospitali ambayo sitaitaja, kwa sababu sidhani kuwa ina dosari ya peke yake. Eksirei ilionyesha kile tulichohofia. Hapo akalala siku 11 akisubiri upasuaji: mara vyuma vya saizi yake havijafika, mara shinikizo la damu liko juu, mara umeme, mara daktari ameitwa kwenye dharura ya mama mjamzito, na dharura hiyo nani angeipinga. Siku ya 12 akafanyiwa upasuaji kwa sindano ya ganzi ya mgongo, na upasuaji ulikwenda vizuri sana. Ninampongeza daktari aliyeufanya. Siku ya nne baada ya hapo, kwenye raundi ya asubuhi, kidonda kikafunuliwa, kikaonekana kikavu, na ruhusa ikaandikwa. Tuliambiwa arudi baada ya siku kumi kutolewa nyuzi.

Binti yake, ambaye alikuwa amelala naye wodini muda wote huo, aliuliza kwa heshima: "Samahani sista, mama hajasimama hata mara moja. Tutamsimamishaje?"

"Atasimama hukohuko nyumbani, dada," muuguzi akajibu. "Nyumbani kuna watu wengi kuliko hapa."

Hakusema kwa ubaya. Nyuma yake kulikuwa na wagonjwa wawili kwenye mikeka na mmoja mlangoni kwenye kitanda cha magurudumu, naye alikuwa peke yake kwa wodi nzima. Tulimbeba watu wanne mpaka kwenye gari, tukamlaza kiti cha nyuma, na njia yote hadi kijijini alikuwa ameshika mkanda wa kiti kwa mikono miwili bila kusema neno.

Sasa niwaeleze nyumbani palivyokuwa, kwa sababu hapo ndipo penye hoja yangu. Godoro lilikuwa sakafuni, na mtu aliyewekewa chuma nyongani hawezi kunyanyuka kutoka sakafuni hata akisaidiwa na malaika. Choo ni cha shimo, cha kuchuchumaa, na kutoka mlango wa nyuma hadi hapo ni hatua 43; nilizihesabu baadaye, kwa mazoea ya ualimu. Nilikuwa nimenunua mjini fremu ya kutembelea, ile ya miguu minne, lakini hakuna aliyetuonyesha namna ya kuipima, kwa hiyo tuliiacha ndefu mno, na kila alipoishika mabega yake yalipanda hadi karibu na masikio. Aliitumia siku tatu. Baada ya hapo akasema imemchosha, tukamwacha apumzike, tukidhani tunamhurumia.

Kuna jambo moja ambalo tuliligundua tukiwa tumechelewa. Shangazi alikuwa anajinyima maji makusudi ili asiwasumbue wajukuu kumpeleka chooni. Alikuwa akipokea kikombe, akanywa funda moja, kisha akakiweka nyuma ya mto. Chakula chake kilikuwa uji, na uji wenyewe nusu bakuli. Wiki ya pili likatokea jeraha juu ya mfupa wa mkia, kwanza wekundu, kisha ngozi ikachubuka. Kisha akaanza kuniita kwa jina la baba yangu na kuniuliza kama treni ya Kigoma imeshapita. Kisha kikohozi na homa. Alifariki siku ya 17 tangu atoke wodini, tukiwa tunatafuta gari la kumrudisha.

Nilipokwenda hospitali kuomba karatasi zake, karani alinisomea kwa upole kilichoandikwa kwenye rejista: ameruhusiwa, hali nzuri. Ndugu Mhariri, hakukuwa na uongo katika maneno hayo. Siku alipotoka getini hali yake ilikuwa nzuri kwa kipimo kilichotumika, yaani kidonda kikavu. Lakini kwa hesabu ya hospitali ile, na nadhani kwa hesabu ya hospitali nyingi, shangazi yangu mpaka leo yumo katika orodha ya waliopona.

Baada ya arobaini nilianza kusoma. Nilitaka kujua kama tulichokiona ni bahati mbaya ya ukoo wetu au ni jambo linalojulikana. Linajulikana sana. Katika nchi nyingi zilizofuatilia wazee waliovunjika nyonga, kati ya kila 10 takriban wawili hadi watatu hufariki ndani ya mwaka mmoja, na hatari iliyo kubwa zaidi iko katika miezi ya mwanzo. Mara nyingi kinachoua si mfupa wenyewe, bali kulala: mapafu yasiyopanuka hushikwa na nimonia, damu isiyozunguka vizuri huganda mguuni na donge lake kupanda hadi kwenye mapafu, ngozi inayogandamizwa huoza, mkojo unaokaa hushika maambukizi, na akili ya mzee mwenye maumivu, njaa na kiu huvurugika. Misuli nayo huyeyuka kwa kasi ambayo sikuidhania. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2007 matokeo ya kuwalaza kitandani kwa siku 10 wazee wachache wenye afya njema, waliojitolea, wasio na mvunjiko wowote. Walipoamka walikuwa wamepoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Sasa piga hesabu ya bibi wa miaka 78, mwenye maumivu, aliyelala siku 11 kabla ya upasuaji na siku nne baada yake.

Kuhusu swali lenyewe la msomaji mwenzangu, yaani mzee akae wodini siku ngapi, tafiti mbili kubwa zilichapishwa mwaka 2015, na ukizisoma haraka utadhani moja inaikanusha nyingine. Ya kwanza ni ya Sweden. Waliwafuatilia wagonjwa 116,111 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, waliovunjika nyonga kati ya 2006 na 2012. Katika miaka hiyo wastani wa siku za kulazwa ulishuka kutoka siku 14.2 hadi 11.6, na wenye kusimamia fedha bila shaka walifurahi. Lakini kwa wale waliolazwa siku 10 au pungufu, kila siku moja iliyokatwa iliambatana na kuongezeka kwa uwezekano wa kufa ndani ya siku 30 tangu kuruhusiwa. Ongezeko hilo lilikuwa asilimia 8 mwaka 2006, na kufikia 2012 lilikuwa asilimia 16. Kwa waliokaa siku 11 na kuendelea, siku moja zaidi au pungufu haikuonyesha tofauti yoyote.

Ya pili ni ya Jimbo la New York, kwa wagonjwa 188,208 waliolazwa kati ya 2000 na 2011. Huko mambo yalikuwa kinyume. Waliokaa hospitalini siku 11 hadi 14 walikuwa na uwezekano wa kufa ndani ya siku 30 tangu kutoka ulio mkubwa kwa asilimia 32 kuliko waliokaa siku moja hadi tano, na waliozidisha siku 14 uwezekano huo ulizidi maradufu.

Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angeniuliza: mwalimu, ipi ni sahihi? Jibu langu ni kwamba zote mbili zinaweza kuwa sahihi, kwa sababu neno "kuruhusiwa" halina maana moja katika nchi hizo. Huko Marekani mzee anayetoka hospitalini siku ya tano mara nyingi haendi nyumbani kwake; anahamishiwa katika kituo cha uuguzi na mazoezi, ambako kuna wauguzi, kuna kitanda cha kunyanyuka, na kuna mtu anayemwamsha kila siku kutembea. Kwa hiyo siku zake za uuguzi hazikukatwa, zimebadilishiwa jengo tu, na anayebaki hospitalini wiki mbili mara nyingi ni yule ambaye hali yake ni mbaya mno kuhamishwa. Kuna jambo la tahadhari pia, ambalo nisingependa kulificha: tafiti hizi zilihesabu yaliyotokea, hazikuwagawa wagonjwa kwa kura, na kwa hiyo haziwezi kuthibitisha kwamba idadi ya siku peke yake ndiyo iliyoua au kuokoa. Hata hivyo nikiziweka pamoja ninaona swali linalozifaa zote mbili, nalo si "amekaa siku ngapi?" bali "anatoka akiwa na uwezo gani, na anakwenda wapi?"

Sisi Tabora jibu la sehemu ya pili tunalijua. Hatuna vituo vya kati vya kumpokea mzee baada ya upasuaji. Anatoka wodini anakwenda moja kwa moja kwenye godoro na choo cha shimo, mara nyingi mbali sana, kwa kuwa mkoa wetu ndio mpana kuliko yote nchini, karibu kilomita za mraba 76,000, wenye watu zaidi ya milioni 3.3 kwa sensa ya 2022. Mgonjwa wa Kaliua vijijini au wa Sikonge hawezi kurudi kesho kuonyesha kwamba anakohoa. Kuiga siku tano za New York bila kuwa na kinachowapokea wagonjwa wa New York ni sawa na kushusha abiria kabla ya treni kufika stesheni kwa sababu behewa limejaa.

Lakini hapa lazima nimpe msomaji mwenzangu haki yake, kwa sababu siku za wodini si za aina moja. Kuna siku za kabla ya kisu na kuna siku za baada ya kisu, na kuzijumlisha pamoja ni kosa ambalo ningemkatia mwanafunzi alama. Siku za kabla ni hasara tupu. Miongozo ya Uingereza ya mwaka 2011 inataka mgonjwa wa nyonga afanyiwe upasuaji siku ileile anayopokelewa au kesho yake, na siku inayofuata upasuaji aanze kusimamishwa. Ulifanyika pia utafiti mkubwa katika hospitali 69 za nchi 17, uliochapishwa 2020, ambao uligawa wagonjwa 2,970 kwa bahati nasibu, wengine wakafanyiwa upasuaji ndani ya takriban saa sita na wengine takriban saa 24. Idadi ya waliofariki haikutofautiana kwa namna ya kutegemewa, asilimia 9 kwa 10, ila waliowahishwa walisimama mapema zaidi na waliochanganyikiwa akili walikuwa wachache zaidi. Wenzetu wanabishana kuhusu saa. Sisi tunazungumzia siku 11, tena ukiacha zile mbili za vijiti.

Kama unataka kuokoa vitanda, basi okoa hapo. Shangazi yangu alikaa wodini siku 15. Angefanyiwa upasuaji siku ya pili, kisha akauguzwa siku kumi nzima akifundishwa kutembea, angetumia siku 12, akatoka na miguu, na hospitali ingebaki na kitanda kwa siku tatu za ziada. Sisemi angepona, mimi si Mungu. Ninasema hesabu ya vitanda haipingani na hesabu ya uhai kama tunavyoaminishwa.

Uingereza walijifunza hivyo kwa njia ya kuhesabu. Mwaka 2007 walianzisha rejista ya taifa ya wagonjwa wa nyonga, na kuanzia 2010 hospitali ikaongezewa malipo kwa kila mgonjwa aliyepata huduma kwa wakati, ikiwemo upasuaji ndani ya saa 36 na kuonwa na daktari bingwa wa wazee. Katika hospitali zilizoshiriki rejista hiyo, vifo vya ndani ya siku 30 vilishuka kutoka asilimia 10.9 mwaka 2007 hadi 8.5 mwaka 2011. Chuma kipya cha ajabu hakikugunduliwa katika miaka ile minne. Walichofanya ni kuandika, kusomeana hadharani walichoandika, na kuona aibu.

Najua nitaambiwa kwamba hizo ni nchi za fedha, na kwamba daktari bingwa wa wazee hapa kwetu ni kama theluji. Ni kweli. Lakini mengi yaliyokosekana kwa shangazi yangu hayahitaji bingwa. Yanahitaji nusu saa ya mtu anayejua. Kabla ya karatasi ya ruhusa kusainiwa, mzee awe ameshatoka kitandani na kukaa kwenye kiti, awe amesimama na kupiga hatua kadhaa na magongo au fremu iliyopimwa urefu wake, awe amekwenda haja na kurudi, hata kama ni kwa kushikiliwa. Awe anakula. Awe anajua yuko wapi na leo ni siku gani, kwa sababu mzee aliyechanganyikiwa ana kitu kinachomsumbua ndani ambacho hakijapatikana bado. Mkia na visigino vyake vikaguliwe, maana kidonda cha upasuaji tulifunuliwa tukaonyeshwa, lakini upande wa pili wa mwili wake hakuna aliyeutazama. Na dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo miongozo mingi inataka iendelee kwa takriban mwezi mmoja baada ya upasuaji wa aina hii, iandikwe kwa maneno ambayo ndugu wataelewa, siyo kwa mwandiko ambao hata mwenye duka la dawa anaukisia.

Kisha ndugu waulizwe kuhusu nyumba. Choo kikoje? Analala wapi? Nani atakuwa naye mchana? Maswali haya tungeulizwa, tungejibu kwamba godoro liko chini, na tungeambiwa tutafute kitanda kabla ya kumtoa. Kitanda cha mbao tungekipata kwa fundi wa pale kijijini kwa siku moja. Kiti cha choo tungekitengeneza kwa kutoboa kiti cha mbao katikati na kuweka ndoo chini yake, kama nilivyoona baadaye kwa jirani yangu mmoja hapa mjini, ambaye mama yake anaendelea vizuri. Tulichokosa sisi ni kuambiwa. Fedha na mapenzi vilikuwepo.

Ninatambua pia kwamba kukaa hospitalini kuna gharama yake kwa familia, na sitaki kuandika kana kwamba kila mtu anastaafu na mafao. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mtu wa miaka 60 na zaidi kuwa mzee na ilizungumzia matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, lakini anayemuuguza halipiwi chakula, na shamba lake la tumbaku au karanga halimsubiri. Binamu yangu alilala chini ya kitanda cha mama yake usiku 15, akafua nje kwenye bomba moja na watu hamsini, akanunua maji ya moto kwa chupa. Siku ya ruhusa alifurahi, na mimi nilifurahi, na shangazi alifurahi kuliko wote. Hakuna aliyetulazimisha kuondoka. Ndiyo maana ninaona kwamba uamuzi huu usiachwe mikononi mwa uchovu wa ndugu wala uchache wa vitanda, bali uwe na kipimo kilichoandikwa, ambacho muuguzi aliye peke yake kwenye zamu anaweza kumwonyesha daktari na kusema: huyu bado.

Jambo la mwisho ninaloliomba ni dogo kuliko yote, nami nalitaka kuliko yote. Hospitali ipige simu. Sweden waliweza kujua nani alikufa siku ya 30 kwa sababu kila mkazi wao ana namba yake ya utambulisho tangu 1947, na rejista ya hospitali husomana na ya vifo. Sisi hatujafika huko, ingawa vitambulisho vya taifa vipo. Lakini karibu kila mgonjwa anayelazwa huacha namba ya simu ya ndugu kwenye faili lake. Siku ya saba mtu apige aulize: amesimama? anakula? anakohoa? ana jeraha? Siku ya 30 apige tena, aandike katika rejista ileile, mbele ya maneno "ameruhusiwa, hali nzuri", kama yu hai au la. Kwa mgonjwa mmoja ni simu mbili, dakika kumi kwa jumla. Na pale ambapo wapo wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao jumuishi ulizinduliwa mwaka 2024, jina la mzee aliyetoka wodini litumwe kwao siku ileile ili aende mtu kumgeuza, kumpa maji na kutazama mkia wake.

Kwa yeyote mwenye mzee aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga katika manispaa yetu, fremu ya shangazi yangu iko kwangu. Ni ya alumini, ina vitufe vinne vya kupimia urefu, na sasa ninajua kuitumia: mgonjwa akisimama wima huku mikono ikining'inia, mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono, siyo juu zaidi. Namba yangu ya simu nimeiacha ofisini kwenu. Aje aichukue bure, na akipenda nitakwenda naye nyumbani kumwonyesha.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwalimu mstaafu,
Tabora Mjini